Bei ya Miguu

"Basi taja bei yake! Taja, mbona umenyamaza?"

"Bei ya nini?"

"Ya miguu yangu. Si wewe ndiye mjuzi wa bei? Tairi unajua bei yake, oili unajua, bima unajua, hata ule mpira mwembamba wa dirishani unajua unauzwaje. Haya, na hii miguu miwili iliyosimama mbele ya pasi tangu alfajiri, nitajie nisikie."

"Kitinda, usianze."

"Sijaanza. Nimechoka. Nikichoka nauliza maswali."

Sindano akazidi kukaza mwendo. Ndivyo alivyokuwa huyo bwana. Alitembea kama anavyoshona, haraka haraka, macho mbele, hatua nne tano kumpita mwenzake, na ukitaka kuongea naye njiani inabidi uongee na kisogo. Kwa miaka miwili ya mapenzi yao Kitinda alikijua kile kisogo kuliko alivyoujua uso.

"Nakuambia tena," kisogo kikasema, "gari ni mdomo. Lipake rangi, lifungie muziki, ni mdomo tu. Linakula likitembea, linakula likilala. Likigongwa unalipa, likigonga unalipa, na lisipogonga wala kugongwa unalipa bima, eti kwa sababu lingeweza kugonga. Umeshaona wapi mtu anamlipa daktari homa ambayo hajaiugua?"

"Nimeona mtu anavaa kiatu chenye tundu, anajisifu kwamba kinapitisha hewa."

Hapo Sindano akasimama. Akageuka. Alitaka kukasirika, lakini alipomwona pale nyuma, kitambaa cha kichwa kimekwenda upande, jasho limemshika shingoni, na ile harufu ya nguo safi zilizotoka kupigwa pasi ikamfikia pamoja na upepo, hasira ikakataa kuja. Akamshika mkono. Juu kidogo ya kiganja palikuwa na alama tatu za kuungua, pasi ilimlamba siku tatu tofauti. Juu ya alama hizo mkono ulikuwa mtupu.

Kitinda aliona macho yake yametua wapi. Akauvuta mkono.

"Usipaangalie hapo."

"Bado unaziwaza?"

"Zilikuwa za bibi, Sindano. Dada alizivaa siku yake, zikae kwake mpaka siku yangu. Sasa mwizi kaingia, kachukua bangili peke yake, redio kaiacha. Niache kuziwaza vipi?"

Sindano akakohoa, akageuka mbele, safari ikaendelea. Jumapili iliyopita msichana huyu alimlilia kifuani saa nzima kwa ajili ya hizo bangili, pale kwenye kibanda chake cha kazi, mpaka akamlowanisha shati. Hakutaka kulirudia lile.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi mchana. Kitinda alikuwa ameomba ruhusa ya saa mbili kwenye dobi anakofanya kazi, na mwenye dobi alimpa kwa kununa kama mtu anayetoa figo. Mama yake alikuwa ametuma ujumbe: mwambie yule fundi wako aje, nina neno moja naye. Hakusema aje na wazee wake. Alimwita peke yake, kama mtu anavyomwita fundi bomba.

Fundi mwenyewe alikuwa wa viti vya magari. Shule aliiacha mapema kwa sababu walimu walimchosha na yeye aliwachosha walimu, akaingia kwenye uzi, gundi na sponji, na huko hakuna aliyemchosha. Jina la Sindano alilipata kwa kazi yake, na baadaye kwa ulimi wake. Katika miaka tisa alikuwa amefumua magari ya kila aina ya mtu. Wateja wake walishuka na miwani ya jua na suruali zenye mikunjo mikali, yeye akang'oa viti vyao na kukuta ukweli umelala chini yake. Karatasi za faini. Risiti za gereji, gereji, gereji. Chupa ya dawa ya presha. Kwa hiyo aliwadharau, na aliwadharau kwa raha kabisa, kama mtu mwingine anavyofurahia mpira.

Yeye aliweka hela. Alikula mara mbili, alinyoa mwenyewe, alinyoosha misumari iliyopinda. Na hela ilikuwa imefika. Ilitosha gari, kuukuu lakini zima. Ilitosha pia karakana yenye mlango na chumba kimoja nyuma, mahali ambapo mtu na mke wake wangeanza maisha bila kuomba mtu. Kwa vyote viwili haikutosha.

Walipokata kona ya mwisho wakaliona limeegeshwa mbele ya geti.

"Mwenye dunia kashafika," Sindano akasema.

Lilikuwa gari la shemeji, mume wa dada yake Kitinda. Refu, jeupe, limesuguliwa mpaka nzi angeteleza. Mwenyewe walimwita Funguo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila rundo la funguo kidoleni, akilizungusha chwi, chwi, chwi. Funguo tisa. Mbili za gari, moja ya nyumba, sita hazijulikani ni za nini.

Sindano alilipita lile gari polepole, akachungulia ndani. Viti vya rangi ya kahawia, mshono mara mbili, pembe zimekaa sawasawa. Mkono wake ule. Wiki tatu zilizopita Funguo alimletea, akataka bei ya undugu, na akaipata.

Mafundi wa viti wana sheria moja, na Sindano alifundishwa siku ya kwanza kabla hajashikishwa mkasi. Unachokikuta chini ya kiti unakitia kwenye mfuko, unaufunga, unamrudishia mwenyewe, na mdomo wako unalala. Umekuta hereni ambayo si ya mke, unafunga. Umekuta barua, unafunga. Mfuko wa Funguo aliufunga vizuri kwa mafundo mawili. Ila kabla ya kuufunga alisoma karatasi moja. Alipoikumbuka sasa, akiwa getini, akatabasamu peke yake.

"Unachekea nini?" Kitinda akauliza.

"Kazi yangu. Nimejipenda."

"Humo ndani usiwe mkali. Nakuomba. Mimi nitasema la kwangu, nimelifikiria wiki nzima. Niache niseme."

"Sema. Nani kakuzuia?"

Ndani, mama mtu alikuwa amekaa kwenye kochi ambalo Sindano alilivisha upya mwaka jana bila kuchukua hata senti. Mwanamke mnene, mzuri bado, mwenye macho ya kupima watu. Pembeni yake Dada, kajipodoa, kainamia simu. Funguo alikuwa kwenye kiti cha peke yake, mguu juu ya mguu. Chwi, chwi, chwi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Kaa pale." Pale palikuwa kigoda.

"Karibu, bwana mdogo," Funguo akasema. "Nimesikia vumbi linakuja, nikasema huyo ni shemeji. Umeegesha wapi?"

"Nimeegesha hapa." Sindano akainua mguu mmoja, akaonyesha kiatu.

Funguo akacheka mpaka funguo zikaanguka. Dada hakucheka. Alimwangalia Sindano mara moja, haraka, akarudi kwenye simu yake.

"Mimi si mtu wa maneno mengi," mama akaanza, na kila mtu mle ndani akajiweka sawa kwa maneno mengi. "Huyu Kitinda ndiye wa mwisho. Baada yake nilifunga duka. Dada yake alitoka humu kwa gari la mumewe, majirani wakatoka nje kuangalia. Si kubwa ninalotaka. Liwe dogo. Liwe kuukuu, liwe na umri wangu. Lakini liwe na magurudumu manne, na liwe lako. Mwanangu hatatoka kwenye nyumba hii anaburuza ndala, eti mume yuko mbele anahesabu hatua. Siku utakayokuja nalo, tutapanga tarehe. Usipokuja nalo, kochi hili nitalipia kazi yake, tuwe hatudaiani."

"Mama, hela ya gari ninayo."

Chwi ikasimama. Dada akanyanyua uso. Mama akamtazama kama mtu aliyeona paka anafungua mlango kwa ufunguo.

"Unayo?"

"Ninayo yote. Lakini ndiyo hela ya karakana na chumba. Nikinunua gari, mwanao nitamlaza ndani yake."

"Si unajua kushona viti?" Funguo akasema. "Shona kimoja kiwe kitanda."

"Naweza. Ila mafuta ya kuzungushia kitanda nitakukopa wewe, maana naona tangi lako haliishi."

"Sindano," Kitinda akaita, kwa sauti ya chini.

"Niache, ninaongea na wenye mali."

"Ulisema nitasema."

Akasema. Alisimama, mikono ameifunga mbele kama mtoto anayesoma darasani. "Mimi sitaki gari la kuonyesha watu. Mama, samahani, majirani hawanihusu. Nimejaribu kuangalia, Sindano, na wewe sikiliza. Kila ukinunua sponji unalipa mkokoteni. Kila ukirudisha viti unalipa mkokoteni. Mvua ikinyesha unafunga kazi kwa sababu viti vitalowa njiani, na mteja akiwa mbali unamkataa. Tukipata gari la zamani lenye buti kubwa, linabeba viti. Wateja wa mbali unawachukua. Chumba tutapanga kwanza mwaka mmoja, cha kujenga kije baadaye. Na asubuhi, ile saa yangu ya kuingia... ungenifikisha. Siku nyingine si lazima. Siku za mvua tu."

Lilikuwa neno zuri. Sindano alilisikia kuwa ni zuri, na hilo ndilo lililomuudhi, kwamba limetoka kwa mtu mwingine, mbele ya Funguo, na yeye mwenyewe mjuzi wa magari hakuwa amewahi kulifikiria.

"Hizo ni hesabu za kwenye pasi," akasema. "Mvuke umeingia kichwani. Wewe unajua nini kuhusu magari?"

Funguo akapasuka kicheko. "Hapo sasa umenena, bwana mdogo! Wanawake na magari!" Na Sindano, Mungu amsamehe, akacheka naye. Ilikuwa mara ya kwanza wale wanaume wawili kukubaliana jambo tangu wajuane.

Kitinda akakaa. Akaanza kunyoosha sketi yake kwa kiganja, taratibu, kutoka gotini kwenda chini, kama vile ina mkunjo. Haikuwa na mkunjo.

Kicheko kikampa Funguo nguvu. Akainuka, akaenda dirishani, akalitazama gari lake kwa nje kama mtu anavyomtazama mtoto wake aliyefaulu.

"Sikiliza nikufundishe, bure. Gari si mafuta, gari si bima. Gari ni heshima. Nikifika mahali, kabla sijafungua mdomo watu wameshajua nani kafika. Mwanamume asiye na gari ni abiria tu. Mke wake anaendeshwa na watu wengine, yeye yumo nyuma, anasubiri kushushwa. Wewe utakaa na hela zako kwenye kopo mpaka zichakae, na huyu msichana atazeeka miguuni kabla ya usoni."

"Kweli kabisa," mama akasema.

Damu ikampanda Sindano. Na ilipopanda, ilikuta ile karatasi iko tayari, imekunjwa vizuri, inangoja.

"Mimi abiria," akasema polepole. "Nimekubali. Na mwanamume anayetembelea bangili za bibi wa mkewe, huyo tumwiteje? Dereva?"

Dada akaangusha simu.

"Bangili gani?" mama akauliza.

"Mbili. Za dhahabu, zimechorwa majani. Ziko duka la rehani, lile la nyuma ya stendi, zimewekwa kwa jina la binti yako mkubwa. Risiti ilikuwa chini ya kiti cha dereva, imekunjwa mara nne. Na siku iliyoandikwa pale ni ile ile aliyokuja kukulilia kwamba kaibiwa. Muulize giaboksi mpya imetoka wapi. Gari halikuota giaboksi kama embe."

Mama akamgeukia binti yake mkubwa.

"Ni kweli?" mama akauliza.

"Nilitaka kuzikomboa, mama. Mwezi mmoja tu, tulisema. Gari lilikuwa limekufa, na harusi ya bosi wake ilikuwa wiki ile, angefikaje pale kwa..." Akaanza kulia, poda ikafanya njia mbili. "Ni mimi nilizipeleka. Yeye hakunilazimisha. Alinyamaza tu siku tatu, hali, haongei, anakaa ndani ya gari lililozima. Nikazipeleka."

"Uliniambia mwizi!" Mama alisimama, kochi likalia. "Nikaogopa atakuja na kwangu, nikabadilisha kitasa! Nimeziba dirisha la jikoni kwa mbao, miezi miwili napika kwenye moshi kama samaki, kwa ajili ya mwizi anayekula mezani kwangu kila Jumamosi na kuomba aongezewe!"

Sindano alijisikia mrefu. Tamu ilikuwa, asikudanganye mtu. Maneno ya miaka miwili, vigoda vyote alivyokalishwa, yote yalilipwa kwa dakika moja. Akageuka amwangalie Kitinda, amwone anavyomwangalia shujaa wake.

Kitinda alikuwa anauangalia mkono wake mtupu.

"Na wewe," Funguo akasema, sauti yake imekauka, "ni fundi gani unasoma karatasi za wateja? Nitalisema hili mji mzima. Hakuna mtu atakuletea hata stuli." Akamvuta mkewe mkono. "Twende!"

Wakatoka. Watu waliobaki wakasikia milango ya gari ikifungwa kwa kishindo, paa, paa. Kisha wakasikia gari likisema nyee-nyee-nyee. Likanyamaza. Nyee-nyee. Likanyamaza tena.

Sindano alitoka nje kwa sababu asingekosa hilo hata kwa kulipwa. Akasimama karibu na geti, mikono kifuani. Ndani ya gari Funguo alikuwa anazungusha ufunguo kwa jasho, na pembeni yake Dada amejifunika uso kwa mtandio. Majirani wawili walikuwa wameshatoka. Wale wale, pengine, waliotoka siku ya harusi.

"Betri hiyo," Sindano akasema kwa sauti ya kusikika. "Betri nayo hela yake. Kuna hereni zimebaki humo ndani?"

Funguo akashusha kioo. Ilimgharimu, ilionekana usoni. "Nisaidie kusukuma."

"Mimi? Mimi abiria tu, bwana mkubwa."

Kitinda akampita. Hakumgusa, hakumwangalia. Alivua viatu, akaviweka ukutani, akaenda nyuma ya gari refu jeupe la shemeji yake, akaweka viganja vyote viwili kwenye buti, akainamisha kichwa, akasukuma.

"Kitinda! Muache asukume mwenyewe!"

Hakusikia, au alisikia. Gari likasogea unyayo mmoja, likakataa. Akarudi nyuma, akasukuma kwa bega. Vidole vya miguu vilichimba vumbi. Ndani, Dada aligeuka, akamwona mdogo wake kupitia kioo cha nyuma, akafungua mlango, akashuka na vile viatu vyake virefu, akaja kusukuma pembeni yake. Hawakusemezana. Mmoja akilia, mwingine hana hata chozi, walilisukuma mpaka mteremkoni, gari likakohoa, likapiga moshi mweusi usoni mwao, likashika. Dada akakimbilia mlango. Wakaondoka.

Kitinda alirudi akipangusa mikono. Alichukua viatu vyake ukutani, lakini hakuvivaa. Akasimama mbele ya Sindano, karibu kabisa, kama wanavyosimama watu wanaotaka kubusiana.

"Ile karatasi uliiona lini?"

"Umemwona lakini alivyokuwa? Ule uso wa..."

"Nimekuuliza lini."

"Nilipong'oa viti. Wiki tatu hizi."

"Na mimi nilikuja kulia kwako lini?"

Hapo ndipo Sindano alipoona shimo, na mguu ulikuwa umeshaingia. "Jumapili," akasema.

"Jumapili gani?"

"Hii iliyopita."

"Uliniambia nini?"

Alikumbuka vizuri sana alichosema. Alitamani asikumbuke. "Nilisema usilie."

"Ulisema dhahabu ni mzigo, aliyeiba kanipunguzia. Nikacheka hapo hapo machozi yananitoka, nikasema moyoni, huyu mtu hana maneno matamu lakini anajua kunichekesha. Ukanifuta uso. Ulinifuta na nini?"

"Kitambaa."

"Kipande cha kahawia. Nilikiona leo pale getini, ulipokuwa unachungulia ndani ya gari ukijipenda. Mabaki ya viti vyao, Sindano. Ulinifuta machozi ya bangili kwa mabaki ya viti vyao, na ulikuwa unajua."

"Ni sheria ya kazi! Cha mteja hakisemwi, hata kwa mke. Ungefanya nini wewe?"

"Sheria hiyo imekufa leo saa ngapi?"

Sindano akainamia kiatu chake chenye tundu.

"Ungeninong'oneza," Kitinda akasema. "Ningeenda kwa dada yangu kimya kimya. Ningemfokea, tungelia, tungetafuta hela tukazikomboe, na mama asingejua. Si ingeisha? Lakini wewe uliona ni kitu kizuri hiki, si cha kutumia hovyo, ukakiweka. Kama unavyoweka misumari iliyopinda. Ukangoja siku utakayobanwa. Kila kitu kwako ni akiba, hata kulia kwangu."

"Walinidharau, Kitinda! Uliwasikia! Nikae tu?"

"Walikudharau. Na wewe ukanidharau mimi, nikiwa naongea kwa ajili yako. Ukacheka naye." Alivihamisha viatu kutoka mkono huu kwenda ule. "Wao nimewazoea."

Upepo ulileta tena ile harufu ya nguo safi, imechanganyika sasa na moshi wa gari. Sindano alinyoosha mkono aushike ule wenye alama tatu. Aliufikia, akaushika, na mkono haukumkataa. Ulikaa tu kwenye kiganja chake kama kitu cha mtu mwingine. Hilo lilimtisha kuliko kama angemnasa kibao.

"Nitanunua," akasema haraka. "Sikiliza. Lile la buti kubwa ulilosema. Jumatatu. Hela ipo, wewe unajua ipo. Chumba kitasubiri. Nitakupeleka kazini kila siku, si za mvua tu. Nitazikomboa na hizo bangili. Nitanunua, Kitinda."

Kitinda akamtazama. Macho yake yalikuwa yale yale aliyoyapenda, hayana hasira hata kidogo, na Sindano aliyapekua yote akitafuta hasira, maana hasira huwa inapoa.

"Gari nililitaka," akasema. "Sitakudanganya. Lakini ungekataa, ningetembea na wewe. Ningetembea mpaka visigino viishe, ningekutukana njia nzima, lakini ningetembea." Akauchomoa mkono wake polepole, kidole kimoja baada ya kingine. "Muda wangu wa ruhusa umekwisha. Usinisindikize."

Akageuka, akaenda.

Sindano alibaki getini. Nyuma yake mama mtu alikuwa anabomoa mbao za dirisha la jikoni kwa nyundo, ko, ko, ko. Mbele yake Kitinda alikuwa anashuka na barabara peku, viatu mkononi, hageuki. Miaka miwili walikuwa wametembea pamoja, na leo ndiyo mara ya kwanza Sindano kuwa nyuma. Ndipo akaona kwamba Kitinda anachechemea mguu wa kushoto. Hakuwa ameumia pale kwenye gari. Alikuwa anachechemea kwa namna ya mtu aliyeuzoea mguu wake, aliyeshajua pa kuuegemeza, na Sindano hakujua ulianza lini.